Mama, Ulikwenda Kuona Maporomoko Ukabaki Huko

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo ili mdogo wangu Elia atakapokusomea barua hii usimkatishe hapo mwanzoni na kusema, "Huyo hata salamu hana, ana ugomvi tu." Salamu ninayo. Na ugomvi ninao. Nitautoa wote leo, tena hadharani, kwa sababu nikikupigia simu unaniambia, "Ngoja, mtoto analia," halafu unampa huyo mjukuu wako simu, naye ananipumulia sikioni mpaka salio linakwisha. Pia nimechoka kujibu watu mmoja mmoja. Kanisani kijijini kwako Ilongero wananiuliza. Wateja wangu hapa mjini wananiuliza kabla hawajaagiza chai. Vijana wa bodaboda waliozoea kunileta kwako kila Jumamosi nao wananiuliza, "Dada Ester, bibi karudi?" Basi wasome wote, nakala naibandika mlangoni mwa mgahawa wangu. Bibi hajarudi. Bibi alikwenda Kigoma kuona maporomoko ya maji, akabaki huko huko.

Tangu Baba afariki nilikuomba uhamie kwangu Singida Mjini. Nilikuomba vizuri, kwa magoti, kama ulivyonifundisha. Ukasema tusubiri uvune alizeti. Ulipovuna, ukasema ng'ombe anakaribia kuzaa. Ng'ombe akazaa, ukasema mvua zimeanza, nani atapanda uwele? Mwaka mmoja uliniambia huwezi kuondoka kwa sababu fundi hajamaliza choo cha kanisa. Mama, wewe ulikuwa unamchanganyia saruji? Nilipaka chumba rangi, wewe mwenyewe ukaichagua. Ukaja, ukakisifu, ukalala usiku mmoja, na alfajiri nikakukuta umeshafunga khanga, umesimama mlangoni, unasema kuku wako hawajafunguliwa.

Nikakubali. Nikawa nafunga mgahawa kila Jumamosi mchana, saa ambayo watu wa mnadani ndiyo wanaingia na njaa, napanda bodaboda na sukari, sabuni na dawa zako za presha. Unapokea, unashukuru, halafu unaniangalia toka kichwani hadi miguuni na kusema nimekonda. Mtu anayepika tangu asubuhi hadi jioni, unamwambia amekonda! Ukaongeza kwamba chakula cha mgahawani ni chakula cha watu wasio na mama. Nilikuwa narudi mjini nimenuna, vumbi la barabara mdomoni, naapa kwamba Jumamosi ijayo siji. Jumamosi ijayo nakuja.

Halafu Elia akaharibu kila kitu. Mdogo wangu huyo, kitinda mimba wako, anaendesha gari la mizigo huko Kigoma na hana habari na mtu, lakini mkewe alipojifungua akakumbuka kwamba ana mama. Akanipigia: "Dada, mlete mama amwone mjukuu." Na kama vile hilo halitoshi, akanitumia video kwenye simu. Alikuwa amekwenda kutembea kwenye hifadhi iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, akapiga picha za maporomoko ya maji yaliyo ndani ya msitu wake. Nikakuonyesha, nikidhani utatazama mara moja useme "Mungu ni mkubwa" tuendelee kuchambua mboga. Ukaniambia nirudie. Nikarudia. Ukaniambia nirudie tena. Tukarudia mpaka simu ikazimika.

"Hayo maji nani anayafungulia?" ukaniuliza.

"Hakuna anayefungulia. Yanaanguka yenyewe."

"Usiku na mchana?"

"Usiku na mchana."

"Yakishaanguka yanakwenda wapi?"

"Yanaingia ziwani, Mama."

Ukachukua sinia la mboga, ukaliweka tena chini. "Hao watu," ukasema, "wana dharau."

Nilicheka sana siku hiyo. Nisingecheka kama ningejua. Jumamosi iliyofuata ukanipa sharti: utakwenda Kigoma kumwona mjukuu, lakini lazima uyaone yale maji kwa macho yako, na ukishayaona utanipa jibu lako la mwisho kuhusu kuhamia kwangu. Nani asingeelewa kwamba hilo ni ndiyo? Nikawaambia wateja. Nikamwambia binti yangu Neema huko chuoni Dodoma. Nikanunua godoro jipya, nene, la kufaa mgongo wako. Lipo mpaka leo, sijalitoa nailoni.

Safari nzima sitaisimulia, maana nikiikumbuka kichwa kinauma. Nitasema tu kwamba ulipanda basi na jogoo. Kondakta akakwambia jogoo anakaa kwenye buti na mizigo mingine. Wewe, bibi mzima, ukamwamkia mtoto yule, ukamwambia, "Shikamoo baba, kama jogoo anakaa kwenye buti na mimi nitakaa naye." Abiria wakamshukia kijana wa watu mpaka akaomba radhi. Jogoo akasafiri miguuni mwangu. Tulipofika Nzega ulikuwa umeshamweleza mama wa kiti cha jirani kwamba mume wangu aliniacha, na kabla ya Tabora basi zima lilikuwa linanionea huruma. Mzee mmoja alininunulia mahindi ya kuchoma. Nilikula nikiwa nimegeukia dirishani.

Kigoma ulipoliona ziwa ulisimama katikati ya njia, pikipiki zinakukwepa. Ukamuuliza Elia, "Ni la magadi kama ziwa letu la Singidani?"

"Hapana, Mama. Maji haya ni ya kunywa."

Uliteremka hadi ufukweni na viatu vyako vya kanisani, ukachota kwa kiganja, ukaonja. Halafu ukanigeukia na kuniangalia kama vile mimi ndiye niliyekuficha ziwa hilo miaka yote.

Kwenda hifadhini hakuna barabara. Ni boti. Mimi, niliyezaliwa nchi ya vumbi, niliingia kwenye boti lile nimekumbatia jaketi la kuokolea kama mtu aliyekumbatia msalaba, na kabla mji haujapotea nyuma yetu nilikuwa nimeshatapika. Wewe ulikaa mbele kabisa, kilemba kinapepea, maji yanakurukia usoni, unamwambia nahodha aongeze mwendo. Wewe, ambaye siku zote ulikuwa unaniambia bodaboda inakutia kizunguzungu! Ndiyo sababu uliyoitoa kila nilipokualika kuja mjini kunitembelea. Kizunguzungu. Nilikutazama mgongo ule ulionyooka, nikasema moyoni, huyu mama amekuwa akinidanganya.

Aliyetupokea ufukweni alikuwa mwongoza wageni, mwanamke wa rika langu anaitwa Editha, mtaratibu, mwenye sauti ya mwalimu wa Jumapili. Akatueleza masharti. Tusiwasogelee wanyama. Tusitoke kwenye njia. Asiondoke mtu peke yake. Na chakula kisionekane, maana nyani wa pale ni wezi. Kila sharti uliitikia "ndiyo, mama," "ndiyo, mama." Ndiyo zako hizo nazijua. Hatujafika hata kwenye miti ya kwanza, nyani mkubwa akatoka, akakujia moja kwa moja, akakamata pembe ya khanga yako. Ukamkemea kama unavyokemea mbuzi walioingia shambani. Hakujali. Alifungua fundo kwa vidole vyake kama mtu, akachukua viazi vyote vitamu, akaenda kukaa juu ya gogo, akaanza kula huku anakutazama.

"Mama," Editha akasema, "si nilisema mtu asibebe chakula?"

"Hicho si chakula," ukajibu. "Ni viazi."

Elia alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuuliza asubuhi hiyo hiyo kama umebeba kitu, ukaniambia hapana.

Tukaanza kupanda. Njia ile ni ya mizizi na mawe yenye unyevu, miti imefunga juu mpaka mtu anasahau kama nje kuna jua. Nikasema tupumzike, kwa ajili ya magoti yako. Ukasema hujachoka. Nikasema basi twende. Ukakaa. Kila kijito tulichovuka ulisimama, ukanawa uso, ukanywa, ukamuuliza Editha maji haya ni ya kijiji gani na mwenyekiti wa kamati yake ya maji ni nani. Alikueleza kwa upole kwamba hayana kamati. Ukaniambia kwa Kinyaturu kwamba dada huyu ni mzuri lakini hajui kazi yake. Nilikuvuta mkono tuendelee. Tukaendelea, nikiwa nimekushika, nikikuonya kila jiwe: hapo panateleza Mama, weka mguu huku Mama, angalia Mama. Na aliyeteleza nikawa mimi.

Mguu ulinigeuka vibaya. Nilikaa kwenye matope nikiwa nimeuma meno. Wewe ulicheka kwanza, usikatae, halafu ukavua khanga yako ya juu ukanifunga kifundo, ukakaza mpaka nikapiga kelele. Editha akainama kunikagua. Elia akaenda kunikatia fimbo. Tulipoinua macho hukuwepo.

Mama, nimekwishakueleza mara nyingi lakini unalichukulia kama mzaha, kwa hiyo acha nilieleze hapa mbele za watu. Niliogopa. Mngurumo wa yale maji ulikuwa umeshaanza kusikika na ulimeza kila sauti. Nikaita "Mama!" na sikusikia hata nilichoita. Elia alikimbia mbele. Editha, yule mtaratibu, alibadilika rangi, akatoa redio yake kiunoni akaita wenzake. Nikajiburuta na ile fimbo, huku nimeshika miti. Nikawaza mto, mawe, magoti yako, presha yako. Niliwaza nitakavyoshuka kwenye basi Singida bila wewe na watu watakavyonitazama. Haya, nilishuka bila wewe na walinitazama, lakini hilo tutalifikia.

Msitu ukafunguka, nikakuona. Ulikuwa umekaa juu ya jiwe chini kabisa ya maporomoko, viatu umevipanga pembeni kama mtu aliyefika nyumbani kwake. Maji yalikuwa yanashuka kutoka juu ya mwamba, meupe, marefu, na upepo wake peke yake ulikuwa unatikisa majani ya pande zote mbili. Ulilowa chapa. Kilemba ulikuwa umekivua. Tangu siku ya msiba wa Baba sikuwahi kuona nywele zako wazi nje ya nyumba, na sikujua zimekuwa nyeupe zote. Elia alikuwa amesimama nyuma yako, anahema.

Nikaanza kupayuka. Nilisema yote, umri wako, dawa zako, akili zako. Hukugeuka.

"Usipige kelele, Ester," ukasema. "Kaa."

Nikakaa. Kulikuwa na nini kingine cha kufanya? Nikatia mguu kwenye maji, baridi ikapanda hadi kwenye meno. Tukayatazama maji mpaka na mimi nikalowa kama wewe. Halafu ukaniuliza, "Unamkumbuka Mama Salome?"

Namkumbuka. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwepo. Ulikuwa mwaka wa ukame, mto umebaki mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wanachimba shimo na kukaa pembeni yake kusubiri maji yatoke, kikombe kwa kikombe. Wewe na Mama Salome mlikuwa marafiki, mlisuka ungo pamoja, mlipeana mboga. Siku hiyo mkagombea zamu. Kila mmoja alishika dumu upande wake akavuta, nanyi mkavutana mpaka likapinduka. Sikumbuki matusi, na nadhani hamkutukanana. Nakumbuka mlikaa chini wote wawili, mkitazama pale mchanga ulipolowa mpaka pakakauka. Hamkusemeshana tena hadi mavuno.

"Hata vikombe kumi hayakufika," ukasema. Ukanyoosha kidole kwenye maporomoko. "Tazama sasa."

Nikatazama. Nikaelewa ulichokuwa unatazama, na nikaona huruma. Kama ningekuwa mtu wa busara ningeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimefunga mgahawa, nimebeba jogoo, nimetapika, nimevunjika mguu au karibu na kuvunjika, na jibu langu lilikuwa bado. Nikakuuliza.

"Basi Mama, umeyaona. Nijibu. Tukirudi unahamia kwangu?"

"Hapana."

Hata hukuchukua muda kufikiri.

"Kwa nini?"

"Kwako nitakuwa nasubiri kufa. Umenipa chumba kilicho karibu na hospitali. Umeshanitafutia daktari. Umeninunulia godoro la mgonjwa. Nadhani hata sanda umeshaichagua rangi."

"Mama!"

"Na Ilongero nimechoka. Kila ninakopita mimi ni mjane wa fulani. Nitakaa hapa kwa Elia."

Elia aliyekuwa anakamua maji kwenye shati lake aliacha kukamua. "Hapa wapi, Mama? Mimi nina vyumba viwili."

"Cha pili kinatosha," ukamjibu.

Nikakuuliza, na nakumbuka sauti yangu ilivyotoka ndogo: "Kwa hiyo mimi ni hospitali?"

Ukanishika shavu kwa mkono uliolowa. "Wewe ni mtoto mzuri sana, Ester," ukasema. "Lakini unachosha."

Editha alijifanya anatazama ndege.

Tangu pale mpaka tunashuka kwenye boti nilikuwa nimenuna. Ulijaribu kunisemesha habari ya mguu, nikaitikia kwa kichwa. Siku ya kuondoka ulinisindikiza stendi umembeba mjukuu mgongoni, ukanipa maagizo kama mtu anayeacha nyumba kwa mtumishi: kuku wafunguliwe mapema, ng'ombe asinyweshwe mchana jua likiwa kali, alizeti isiuzwe kabla bei haijapanda. Ukanipakia mfuko wa dagaa ambao ulinuka kutoka Kigoma hadi Singida, na safari hii hakukuwa na wa kumweleza kondakta chochote. Nilikwenda na mama, nikarudi na dagaa.

Sasa nikwambie yaliyofuata, maana Elia najua anakueleza mazuri tu.

Niliamini utarudi. Nilisema mwezi, akishachoka na kelele za mtoto atarudi. Kila Jumamosi nikaendelea kuja Ilongero kwenye nyumba isiyo na mtu; siku nyingine kuku na ng'ombe aliwaangalia kijana wa jirani niliyemlipa. Nikafagia uwanja. Nikagombana na mabata ya jirani. Nikakaa kwenye kigoda chako nikanywa chai peke yangu, halafu nikarudi mjini, na hakuna aliyeniambia nimekonda. Majirani wakaanza. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya upole ile yenye sumu, "Eti umeamua kumpeleka mama mbali?" Mimi! Mimi niliyekuomba miaka yote hiyo! Mzee wa kanisa akaniita pembeni akanisomea amri ya kuwaheshimu baba na mama. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikamwambia "asante, mzee," nikaenda nyuma ya kanisa nikapiga teke ndoo. Mguu ule ule.

Na habari zako zikawa zinakuja. Umeingia kwaya ya akina mama. Umejifunza kusalimia kwa Kiha na unawasalimia hata wasiokujua. Kila asubuhi unashuka ziwani na mjukuu, mnatazama maji, mnapanda kurudi mikono mitupu, bila ndoo. Mke wa Elia, ambaye nilidhani atanipigia akilia, alinipigia kunishukuru. Akasema nyumba imechangamka. Akasema walikupima na presha imetulia kuliko ulipokuwa Ilongero. Nilifurahi, Mama. Na nilikasirika. Sijui kipi kilitangulia. Nilisimama jikoni na simu mkononi mpaka maandazi yakaungua.

Kwa sababu hukuniuliza. Hilo ndilo linalonichoma. Ulikaa juu ya lile jiwe ukaamua mimi nataka kukuuguza. Nani alikwambia? Mimi nawapikia watu tangu jua halijachomoza. Nawapakulia, nawaambia karibuni, wanakula wakicheka na wenzao. Jioni nafunga, naosha sufuria, na chakula changu nakila nimesimama, kutoka kwenye mwiko. Tangu Neema aende chuo sijakaa mezani na mtu. Nilitaka mtu wa kula naye, Mama. Basi. Hata ukinilalamikia chumvi. Dawa na daktari niliziweka mbele kwa sababu kumwambia mama yako mzazi "njoo, naona upweke" ni neno zito kwa mtu mzima, na kwetu hatukulelewa kusema maneno kama hayo. Sasa nimeyasema mbele ya wilaya nzima. Furahi.

Halafu ikaja mvua ya juzi. Umesikia habari zake kwa Zainabu mwenyewe, lakini hukuiona. Ilinyesha kwa hasira, kama imekumbuka deni, na ukuta wa nyumba ya Zainabu, jirani yako wa upande wa lambo, ukaporomoka jioni wakiwa nje. Hakuumia mtu. Lakini mwanamke yule na wanawe wakabaki wanalala kwenye darasa la shule, na godoro lao limejaa matope. Nilikwenda kumpa pole na kilo za unga, nikaona nimetimiza wajibu wangu.

Ukanipigia. Safari hii mtoto hakulia wala hukumpa simu.

"Mpe Zainabu nyumba," ukasema.

"Nyumba ipi?"

"Yangu. Ipo tu. Akae."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapotaka."

Nikakwambia huwezi kutoa nyumba kama mtu anayetoa ungo. Nikakuuliza shamba je, ng'ombe je. Ukasema ng'ombe amkamue yeye, ana watoto, na shamba walime nusu kwa nusu. Nikakuuliza lile la mwisho: "Na wewe ukirudi?" Nikadhani simu imekatika. Nikasikia unapumua.

"Wewe mpe," ukasema, ukakata.

Nikampa. Jumamosi nikaja na gari dogo la mizigo, nikatoa kitanda chako, sufuria, picha ya Baba, majembe yale mawili usiyotaka mtu ayaguse. Nilipokuwa nafunga mizigo nilikuwa nalia, na usidhani ni kwa huzuni. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu chumbani, mama gani huyu anagawa nyumba kwa simu. Nikampa Zainabu ufunguo. Akapiga magoti chini kunishukuru, nikamwinua, nikamwambia asinishukuru mimi, sikutaka. Watoto wake walishaingia ndani, wanafungua madirisha ambayo sisi hatukuwahi kuyafungua. Nilipogeuka barabarani kuangalia, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwako, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nyumba ile ilionekana kama nyumba.

Mizigo ikatangulia na gari. Mimi nikapanda bodaboda. Tulipokuwa tunakaribia mjini ndipo nikalifikiria sawasawa, na nikampiga kijana yule begani nikamwambia asimame. Akasimama. Nikashuka, nikakaa kwenye jiwe la kando ya barabara nikacheka mpaka akaniuliza kama anipeleke zahanati.

Huna nyumba Ilongero, Mama. Umeigawa mwenyewe. Kitanda chako kiko kwangu. Majembe yako yako kwangu, nyuma ya mlango. Ukitaka kuja kuliona kaburi la Baba, ukitaka kuja kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye mavuno, hata ukitaka kuja tu kuhakikisha kama Zainabu anamnywesha ng'ombe vizuri, huna pa kufikia Singida nzima isipokuwa kwangu.

Sijui kama ulilifikiria hilo kabla ya kunipigia. Kwa ninavyokujua, ulilifikiria. Kwa ninavyokujua, hutakiri. Usinijibu.

Njoo tu. Nimeshaomba ruhusa kwa Elia na mkewe, nao wanasema wewe ndiye wa kuamua, jambo ambalo nililijua. Njoo baada ya masika, njia ikikauka, ukae kiasi utakachopenda. Sitakutajia daktari usipomtaja wewe. Nitafunga mgahawa mapema, tutakaa chini, tutakula, utaniambia chumvi imezidi. Na siku utakayosema umekumbuka ziwa lako, nitakukatia tiketi mimi mwenyewe, nitakusindikiza hadi mlango wa basi, nitakubebea mzigo wowote, hata kama una mabawa, na sitanuna mpaka basi liondoke.

Kaa salama huko kwenye maji mengi. Msalimie mjukuu, mwambie shangazi yake anapenda kusikia maneno, pumzi zimetosha.

Ni mimi binti yako,
Ester